Nati Niliyoilegeza

Nilikuwa nimeingia dukani kununua bawaba mbili tu. Nilishuka kwenye basi Sumbawanga mchana ule baada ya miaka mitano ya kusingizia kazi, na kabla sijapanda bodaboda kwenda nyumbani Kasense, mdogo wangu akanipigia simu: pitia Chanji, dada, ununue bawaba, mlango wa jiko umeng'oka. Kijana wa duka la vifaa vya ujenzi akainama kuzitafuta. Mimi nikabaki natazama vitu vilivyopangwa chini ya kioo, kufuli, misumari ya bati, tepu za kupimia, na katikati yake nikaiona skwea ya kukunja.

Kama hukukulia karibu na seremala, ngoja nikueleze. Skwea ya kawaida haina maneno mengi, pembe yake ni mraba leo na kesho. Ile ya kukunja ina mpini wa mti na ulimi wa chuma, na pale vinapokutana pana nati yenye masikio mawili. Ukiilegeza nati, ulimi unacheza. Unaulaza kwenye pembe yoyote, ya paa, ya ngazi, ya mguu wa kiti, unaikaza nati, kisha unaichukua pembe ile na kuipeleka kwenye ubao wako. Haina namba hata moja. Haikuambii ni nyuzi ngapi, inaishika tu kama ilivyo.

"Hiyo imelala humu mwaka wa tatu," kijana akaniambia alipoona ninapoangalia. "Siku hizi mafundi wanapima kwa simu. Nikutolee, dada? Nitakufanyia bei poa."

Akaitoa, akaiweka juu ya kioo, akashika masikio ya nati ili anionyeshe inavyofunguka.

"Usiilegeze!" nikamwambia, na sauti ilinitoka kali mno. Kijana akaduwaa. Mama mmoja aliyekuwa ananunua rangi akageuka kunitazama. Nikacheka cheko la uongo, nikalipa bawaba zangu, nikatoka kwenye upepo.

Miaka hii yote tunayofahamiana, wewe na mimi, umenisikia nikisimulia mengi ya Ufipa. Baridi ya mwezi wa saba, ugali wa ulezi, bibi yangu na vituko vyake. Hili sijawahi kukusimulia. Unajua kazi yangu ni kutengeneza mifano ya majengo kule Dodoma, zile nyumba ndogo za mbao na kadi ambazo wachoraji huwaonyesha wateja kabla ya kujenga zenyewe. Watu husema nina mkono mzuri wa mapaa. Hujawahi kuniuliza nani alinifundisha, nami nilishukuru kwa kutoulizwa.

Nililelewa na bibi. Nyumba yetu ilikuwa mwisho wa kijiji, upande wa mashamba, ambako upepo ulikuja moja kwa moja bila kizuizi. Bibi alizungumza Kifipa siku nzima, Kiswahili alikitunza kwa ajili ya padre, mwalimu na kufukuza mbwa. Asubuhi nilichota maji, nikitoka shule nilichambua maharage au kupepeta ulezi mpaka vumbi lake likaniwasha shingo, na jioni nilitumwa kwa jirani kuokota maranda ya kuwashia moto. Kazi ya maranda ndiyo niliyoipenda. Kazi nyingine zote ningemwachia mdogo wangu kama angekuwa amekua, lakini maranda, hapana.

Jirani yetu alikuwa seremala. Kijiji kizima kilimwita Fundi, na mimi nilimwita Babu, ingawa hakuwa ndugu yetu. Karakana yake ilikuwa kibanda cha nyasi kisicho na ukuta wa mbele, na ukikaribia ulianza kunusa utomvu wa paini kabla hujamwona mwenyewe. Randa yake ilikuwa inalia kwa sauti moja ndefu, inanyamaza, inalia tena. Mkewe, Mama Fundi, alikuwa mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, na kila nilipofika alinipa kitu: hindi la kuchoma, kipande cha kiazi, na siku ambazo wachuuzi walikuwa wamepanda kutoka ziwani, kichwa cha mgebuka, samaki mkavu wa kule. Hawakuwa na watoto. Nilikuwa napiga magoti kuokota maranda, nikisema "shikamoo, Babu", naye anajibu "marahaba" bila kuondoa macho kwenye ubao. Ubao ulikuwa na haki ya kwanza.

Nilipokuwa darasa la sita, waumini wa kigango chetu walijenga kanisa jipya la tofali za kuchoma. Kila familia ilitoa mti mmoja wa mbao za paa. Bibi alitoa paini yetu iliyokuwa nyuma ya choo, akaulalamikia upepo mwezi mzima kwa sababu mti ule ndio uliokuwa ukiukinga, lakini alitoa. Waashi walimaliza kuta, wakainua gebo mbili, ile pembetatu ya tofali inayokaa juu ya ukuta na kubeba kilele cha paa. Juu kabisa ya gebo ya mbele mwashi alijengea msalaba wa tofali. Paa alipewa Fundi. Hakuna aliyefikiria mtu mwingine.

Nilimwona anavyopanda. Alipanda ngazi na skwea yake ya kukunja mfukoni, akaulaza mpini kwenye mstari wa tofali ulionyooka, akausogeza ulimi mpaka ukalala juu ya mteremko wa gebo bila kuacha mwanya, akaikaza nati. Akashuka polepole, mkono mmoja kwenye ngazi, mwingine kifuani, utadhani amebeba yai. Alipofika karakana akaitundika kwenye msumari wake.

"Usiiguse hiyo, mjukuu wangu," akaniambia. "Ina kanisa ndani yake."

Ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote. Hakuandika pembe mahali popote. Wenzake wa mjini walikuwa na karatasi na namba, yeye alikuwa na msumari ukutani, na mradi skwea imening'inia pale na nati imekazwa, kijiji kizima kilijua kwamba kuna kazi haijaisha. Hata kuku walikuwa kama wanajua.

Kwanza alitengeneza mfano. Alitaka wazee wa kigango waone paa kabla mbao hazijakatwa. Alichukua mabua ya mahindi yaliyokauka, akayamenya, akakata kenchi, zile fremu za pembetatu zinazobeba paa, ndogo zenye urefu wa mkono wangu, na kila pembe aliitoa kwenye ile skwea. Mimi niliacha maranda, nikasogea.

"Babu, paa lile ni kubwa na hili ni dogo," nikamuuliza. "Inawezekanaje pembe iwe ile ile?"

Akafurahi. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Akachukua vipande viwili vya mwanzi, akavitoboa, akavipigilia msumari mmoja katikati, akaniambia nivifungue kidogo kama mkasi. Akavilaza kwenye bua, kisha kwenye ubao wa urefu wa mtu. "Unaona? Ubao umerefuka, bua limefupika, lakini mdomo umefunguka vile vile. Pembe haikui, mjukuu wangu. Ndiyo maana tunaweza kumwonyesha mtu kanisa zima juu ya meza." Akanipa ile mianzi niende nayo. Nililala nimeishika.

Mfano ulipokamilika, wazee walikuja kuutazama, wakakunja mikono, wakakubali. Ukapelekwa kwa katekista ili waumini wauone Jumapili.

Sasa mwalimu wetu naye, mwalimu wa stadi za kazi, alikuwa ametuagiza kila mmoja atengeneze mfano wa nyumba. Mwenye mfano bora angepewa mkebe mpya wa hisabati, wenye bikari na kipimapembe, ukiwa bado ndani ya karatasi yake. Mimi niliutaka mkebe ule kuliko nilivyotaka kwenda mbinguni. Nilikata mabua, nikasimamisha kuta, nikafika kwenye paa nikakwama. Mianzi yangu ilikuwa inalegea. Nilikuwa nikinakili pembe upande wa kushoto, nikifika kulia imeshateleza, na paa langu likakaa kama kofia ya mlevi. Nilirudia mara nne. Siku ya kupeleka kazi ilikuwa inafuata.

Fundi alikuwa amekwenda Mwazye kwenye msiba wa shemeji yake. Mama Fundi alikuwa shambani. Ilikuwa saa sita mchana, jua limesimama juu, na karakana ilikuwa tupu. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama nilisitasita. Ningependa kukuambia kwamba nilisitasita.

Niliitoa kwenye msumari. Nikailegeza nati, na ulimi ukaanguka taratibu kwenye kidole changu, baridi. Paa langu lilitaka pembe iliyosimama zaidi, nikaikaza hapo, nikakata mabua yangu yote yaliyobaki, kushoto na kulia, na kwa mara ya kwanza pande mbili zikakutana juu bila kubishana. Nilipiga kelele peke yangu kwa furaha. Kisha nikakumbuka kanisa.

Ningeweza kukimbia hadi kwa katekista nikairudisha kwa kuupima ule mfano. Kulikuwa na mwendo wa dakika kumi. Lakini katekista angeniuliza nafanya nini na skwea ya Fundi. Basi nikairudisha kwa jicho. Nikafumba jicho moja kama alivyokuwa akifanya yeye, nikausogeza ulimi, nikajiambia ilikuwa hapa, au hapa, ndiyo, hapa. Nikakaza nati, nikaitundika.

Mkebe niliupata. Mwalimu aliliinua paa langu mbele ya darasa, akalizungusha, akasema, "Tazameni pembe zilivyolingana. Binti huyu ana jicho." Bibi aliposikia alinichinjia kuku, na Bibi hakuwa mtu wa kuchinja kuku hivi hivi.

Fundi alirudi na mawingu yamekwisha kuanza kukaa upande wa Ziwa Rukwa. Mvua ilikuwa karibu, kuta ziko wazi, na mwenyekiti wa kigango alikuwa akija kila asubuhi kuuliza. Kwa hiyo hakuijaribu kenchi ya kwanza pale juu, jambo ambalo siku nyingine angelifanya. Alichukua pembe kutoka kwenye skwea, akakata kenchi moja, akaifanya kuwa kipimo cha nyingine zote, akazikata kumi na mbili kwa siku tatu. Nilikwenda kuokota maranda siku zote tatu. Yalikuwa mengi, yananukia. Mengine yalikuwa ya mti wetu.

Jumamosi watu wakakusanyika. Mikokoteni ya ng'ombe ilipandisha kenchi hadi kanisani, kwaya ikaimba, akina mama wakaja na togwa, na mimi nilikuwa nimepewa jagi niwagawie watu. Wanaume wanane wakainua kenchi ya kwanza, wakaisimamisha karibu na gebo ya mbele. Nyimbo zikaendelea kidogo, kisha zikakatika upande mmoja, kisha upande mwingine.

Kilele cha kenchi kilikuwa chini ya gebo kwa shibiri nzima. Kosa ambalo kwenye ulimi wa skwea lilikuwa upana wa kidole changu cha mwisho, kule juu lilikuwa limepata nafasi ya kujinyoosha. Wakainua ya pili. Shibiri ile ile. Paa lilikuwa limelala mno, na mbao zilikuwa zimekatwa fupi. Ubao mrefu unaufupisha, mfupi unaufanyaje?

Fundi akapanda ngazi. Akatoa skwea, akailaza kwenye gebo ambako aliilaza mwanzo. Haikukaa. Akaitazama nati, imekazwa vizuri. Akafuta macho kwa kiganja, akailaza tena. Watu wote walikuwa wakimtazama, na nakumbuka mtu mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti ya chini, bila ubaya, "Mzee macho yamekwisha."

Mwashi alishauri gebo zipunguzwe tofali chache, msalaba ujengwe upya. Fundi akakataa kutoka pale pale juu. "Kanisa halitakatwa lifuate kosa langu," akasema. Kisha akafikiri kidogo, akaangalia chini, akaniona na jagi langu. "Mjukuu wangu, kimbia kwa katekista, uniletee ule mfano. Nataka kujua nilikosea wapi."

Nisikilize vizuri hapa, maana mpaka sasa ungeweza kunisamehe.

Nilikimbia. Mke wa katekista akanipa mfano, nikaubeba kwa mikono miwili. Njiani, pale penye matuta ya viazi, nikasimama. Nilielewa kila kitu, mimi niliyekuwa na jicho. Mfano ulikatwa kwa pembe ya kweli. Fundi akiulaza kwenye skwea, ataona kwamba havilingani, na atajua kwamba aliupima ukuta sawasawa, ila kuna mkono umelegeza nati. Na mkono mwingine uliokuwa ukiingia karakana ile kila siku ulikuwa mmoja tu.

Niliuweka mfano chini, nikaukalia. Mabua makavu yana mlio mdogo sana. Nikajikwaruza goti kwa jiwe mpaka damu ikatoka, nikaviokota vipande, nikarudi nikilia. Kilio kilikuwa cha kweli, na hilo ndilo lililonifaa. "Nimeanguka, Babu," nikasema.

Fundi alishuka ngazi yote. Aliinama, akalitazama goti langu, akalipangusa kwa shati lake mbele ya kigango kizima kilichokuwa kikimsubiri. "Usilie, mjukuu wangu, ni mabua tu," akasema. Kisha akasimama, akavua kofia, akawaambia watu, "Nimekosea mimi. Mbao zenu nimeziharibu mimi. Nisameheni."

Hawakumtukana, watu wetu si wa matusi. Walishusha kenchi kimya kimya, wakapakia, wakaondoka, na togwa ikabaki kwenye majagi. Mvua ilinyesha ndani ya kanisa msimu mzima. Mwaka uliofuata wazee wakamleta fundi kijana kutoka mjini, mwenye karatasi, na paa likapanda. Zile mbao fupi zikawa mabenchi, nyingine zikawa kuni. Bibi alirudishiwa sehemu ya mti wake kama kigoda, akakikalia miaka yote akimsikitikia jirani. "Maskini, macho yake," alikuwa akisema, na mimi nikiwa pale pale nachambua maharage.

Unadhani adhabu yangu ilikuwa kuficha? Hapana. Adhabu yangu ilikuwa kwamba alianza kuniita nimsomee tepu. Alikuwa ameacha kazi za nyumba, anatengeneza vigoda, mipini ya majembe, na kwa kila kipande alinisubiri nitoke shule. Alikuwa analaza tepu kwenye ubao, anaitazama kwa muda mrefu.

"Mimi naona arobaini na tano," anasema. "Wewe, mwenye macho, unaona ngapi?"

"Arobaini na tano, Babu."

"Basi leo nimebahatika," anajibu, na anatia alama.

Kila siku aliona sawasawa. Kila siku aliita bahati. Ningesema neno moja angepata macho yake, na sikulisema darasa la sita, sikulisema la saba, nikafaulu, nikaenda sekondari mjini, nikakaa kwa shangazi kule Chanji. Mwisho wa wiki nilipokuwa narudi nilikuta maranda yamepungua. Likizo moja nikakuta karakana imekuwa banda la mbuzi. Nilijiambia yamepita. Nilijiambia kumwambia sasa ni kumtonesha. Unajua mtu anavyoweza kujitengenezea maneno ya upole. Alifariki nikiwa na miaka ishirini na sita, tayari nalipwa kwa kutengeneza mapaa madogo, na sikuja kumzika. Nilituma salamu za rambirambi kwa simu.

Mambo yale yote sasa hayapo. Bibi hayupo, katekista yule hayupo, mwenyekiti hayupo, na hata wale wanane walioinua kenchi sijui kama wamebaki wawili. Pale palipokuwa na karakana kuna kibanda cha kuchajia simu. Watoto wa Kasense hawawashi moto kwa maranda, wala hawajui sauti ya randa inayovutwa na mkono. Nilikuwa nikijipa moyo kwa kutoweka huko, nikifikiri kwamba vitu vikiisha na kosa linaisha navyo. Lakini Mama Fundi bado yupo.

Nilimpelekea bawaba mdogo wangu, nikanywa chai, kisha nikavuka ua bila kumwambia mtu ninakokwenda. Mama Fundi alikuwa amekaa kwenye mkeka, juani, anapukuchua maharage. Amefupika. "Shikamoo, Mama," nikasema. "Marahaba, mwanangu, ni wewe? Karibu, kaa." Nikakaa, nikachukua maganda nami, na tukapukuchua. Kisha nikamwambia. Skwea, nati, jicho langu, mfano, matuta ya viazi, goti. Nilisema yote bila kupamba, maana nilishajipambia vya kutosha.

Hakuacha kupukuchua. Nilipomaliza, alimaliza kwanza lile ganda alilokuwa nalo.

"Alikuwa akisema kwamba siku ile watu wote walimwonea aibu," akasema, "ila mtoto mmoja tu ndiye aliyelia naye."

Ndipo akanitazama.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na miwili, Mama."

"Kumi na miwili, sawa. Mtoto anaogopa." Akachukua ganda jingine. "Na ulipokuwa na ishirini?"

 Upepo ukapeperusha maganda kwenye mkeka, tukayaacha. Nikaomba msamaha. Akaniambia msamaha wake si wa haraka, nisubiri, na kwamba kuna jambo la kwanza: yeye hakuwahi kumwambia mumewe kwamba amekosea, walioamini hivyo ni wale wa kanisani. "Jumapili, baada ya matangazo, utasimama useme. Useme kule kule."

Jumapili nikasimama. Paa la fundi wa mjini lilikuwa juu yangu, limenyooka, halina tatizo lolote. Nilisema yote kama nilivyokuambia wewe. Nilitazama nyuso na nikaona ni za vijana, akina mama wenye watoto mgongoni, wanafunzi wa sare. Nilikuwa namsafishia jina mtu ambaye hawakuwahi kulisikia jina lake likichafuliwa. Nilipokaa, wakanipigia makofi. Walidhani ni ushuhuda. Waliupenda ujasiri wangu, mmoja akasema "Amina, dada", na uso uliniwaka kwa aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Mama Fundi alikuwa benchi la mbele. Hakupiga makofi.

Tulipotoka, katekista, kijana mwenye adabu, akanishukuru kwa kuwagusa waumini. Kisha akauliza, "Samahani, dada, huyo mzee alikuwa nani hasa?"

Nikafungua mdomo nimweleze, lakini Mama Fundi alinitangulia. Alikuwa amesimama nyuma yetu na fimbo yake.

"Alikuwa seremala," akasema. "Macho yake yalikuwa mazima."